Kusimama Bila Kushika Kiti

Jumatatu, 1 Desemba

Oliva ametuagiza tuandike siku zetu: tumekula nini, tumefanya nini, mwili umejibu nini. Wenzangu wamecheka, wakasema hizo ni kazi za watoto wa shule. Mimi sikucheka. Nina miaka sabini na tatu na leo nimeanza kitu kipya, lazima nikiandike mahali.

Kilichonipeleka huko ni hiki. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanda mahindi. Nikachuchumaa kufukia mbegu, nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Hakukuwa na maumivu. Ilikuwa tu kama miguu si yangu. Nikabaki pale katikati ya shamba nimeshika udongo, mpaka jirani yetu Pankrasi aliponiona akaja kuning'oa kama muhogo. Alicheka sana. Mimi, Skolastika, niliyekuwa nasonga ugali wa stendi nzima ya Songea, nikiteremsha sufuria peke yangu! Nilirudi nyumbani nikalia jikoni.

Kliniki wakanikabidhi kwa Oliva. Huyu ni mtaalamu wa mazoezi tiba, binti wa Kimatengo kutoka Mbinga, mfupi, sauti yake inafika barabarani. Alinipa kifaa nikikaze kwa kiganja, akaniambia nisimame kutoka kwenye kiti bila kushika. Nikashindwa.

"Bibi, mifupa yako ni mizima," akasema. "Misuli ndiyo imepungua. Umri unaipunguza, na usipoifanyisha kazi na kuilisha vizuri inakwenda haraka zaidi."

"Ikishakwenda ndiyo basi?"

"Hapana. Inarudi. Hata kwa mtu wa miaka tisini inarudi."

Inarudi! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu katika uzee kinarudi.

Leo ndiyo tumeanza, kwenye ukumbi wa kigango hapa Ruhuwiko. Tutakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeshindwa kuinua mkono kuchana nywele. Mapaja yanawaka moto. Hata kucheka kunauma, na Pankrasi ananichekesha makusudi.

Ijumaa, 5 Desemba

Maumivu yanapungua. Oliva anasema ni kawaida ya misuli iliyoamshwa.

Nieleze tunavyofanya. Tunakaa kwenye viti vya mbao, mikono tumeikunja kifuani, tunasimama, halafu tunakaa polepole. "Kukaa ndiyo kazi!" Oliva anapiga kelele. "Usijitupe kama gunia!" Kisha tunavuta mipira iliyokatwa kwenye tyubu za baiskeli, tunainua chupa zilizojazwa mchanga, tunapanda na kushuka ngazi ya mlangoni. Mwishoni tunasimama kwa mguu mmoja, na hapo ukumbi mzima unayumba kama tumetoka kilabuni kunywa komoni.

Pankrasi ni mstaafu wa udereva wa lori. Anasema yeye hana shida yoyote, amekuja kutusindikiza tu, maana amesukuma malori ya Tunduru enzi barabara ya Nakapanya ikiwa tope tupu. Lakini leo nimemwona akishika kiti kwa kidole kimoja, Oliva alipogeuka.

Nimemsihi Emiliani, mume wangu, aje Jumatatu. Amesema mazoezi ni ya askari na watoto. Emiliani alikuwa fundi seremala. Nusu ya vitanda vya mtaa huu vimetoka mikononi mwake. Mwezi wa sita alilazwa kwa kichomi, akarudi nguo zinampwaya, akakaa kwenye kiti barazani. Hajaondoka pale mpaka leo. Asubuhi yuko pale, mchana yuko pale. Uvivu mtupu, na nimemwambia hivyo.

Alhamisi, 11 Desemba

Kumbikumbi wametoka! Jana mvua ilikatika jua likichwea, leo chini ya taa za mtaa mzima pamejaa mbawa. Nimekaanga kikaango kizima. Oliva ametuambia tule vyakula vya kujenga mwili kila mlo, siyo ugali na mboga za majani tu: maharage, mayai, dagaa wa Nyasa, karanga, maziwa tukipata. Nilimuuliza kuhusu kumbikumbi, akasema, "Bibi, hao ndio wenyewe!"

Emiliani amekula vizuri. Chai ndiyo hakuinywa. Siku hizi chai haimalizi.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua toka alfajiri. Nimefanya mazoezi jikoni nimeshika meza, paka akinitazama.

Ijumaa, 26 Desemba

Sikuandika jana kwa sababu nilikuwa na furaha, na leo nina hasira.

Renatha, binti yetu mkubwa, amekuja Krismasi kutoka Dodoma. Tumekula, tumeimba, kila kitu kilikuwa kizuri. Asubuhi hii, tukiwa barazani, akasema amezungumza na mdogo wake Calvin wa Mbeya na wamekubaliana. Baba aende Dodoma kwa Renatha, karibu na hospitali kubwa. Mimi niende Mbeya kwa Calvin. Hakuna kati yao mwenye nafasi ya kutuweka wote wawili.

"Mtugawane?" nikamuuliza. "Kama kuku?"

"Mama, usiseme hivyo. Wewe umeanguka shambani—"

"Sikuanguka! Nilichuchumaa nikashindwa kuinuka."

"Na baba hawezi kutoka kwenye kiti. Akianguka wewe utamnyanyua? Nani atakayejua? Mimi silali, mama. Kila simu ikilia naogopa."

Hapo aliniweza, maana machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anasema kweli. Nikamgeukia Emiliani nikasubiri aseme neno. Tumeoana miaka mingi kuliko umri wa Renatha. Nilitaka aseme tu, "Sitaki." Alitazama mahindi yake machanga, akakaa kimya.

Renatha amesema atarudi Pasaka na gari, tuamue wote. Mimi nimeshaamua. Ila na mwenzangu naye angeamua.

Jumatatu, 5 Januari

Mazoezi yamerudi baada ya sikukuu. Nimemweleza Oliva habari ya Renatha. Hakunifariji. Ameniongezea mchanga kwenye chupa.

Jumatano, 14 Januari

NIMEINUKA KUTOKA CHINI!

Leo Oliva alitandika mikeka akasema, "Leo tunajifunza kuanguka." Pankrasi akasema hilo halihitaji mwalimu. "Basi tunajifunza kuamka," akasema Oliva, akalala chali yeye mwenyewe na sare yake nyeupe. Kwanza unatulia, unasikiliza kama kuna mahali pamevunjika. Unageuka ubavu. Unajiinua kwa kiwiko, unakwenda magoti na mikono kama mtoto anayetambaa. Unatambaa mpaka kwenye kiti au kitu kigumu. Unashika, unaweka mguu mmoja mbele, unyayo wote chini, halafu unasukuma.

Nilidhani sitaweza. Nikageuka, nikatambaa, nikasukuma, nikajikuta nimesimama na ukumbi unanipigia makofi. Pankrasi alipiga mbinja. Nikamwambia Oliva, "Nirudie?" Nikarudia!

Nimetembea nyumbani kama msichana anayetoka kipaimara. Nikamwonyesha Emiliani palepale barazani, na kanga yangu, nikalala chini nikainuka. Akasema, "Unarukaruka kama mbuzi," akageuza uso.

Nilitaka kumrushia ndoo.

Jumatatu, 19 Januari

Palizi. Nimelima matuta manne bila kupumzika. Mwezi wa kumi na moja nisingeamini.

Jumatano, 28 Januari

Nitaandika yote.

Tulitoka mazoezini mvua ikinyesha. Pankrasi aliishia kwake, mimi nikapita. Barazani kiti cha Emiliani kilikuwa kitupu. Kwanza nilifurahi: ameinuka! Nikaingia ndani nikiita, "Baba Renatha! Baba Renatha!" Kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Alikuwa amelala kwenye tope, kwenye njia ya chooni, shavu moja chini, mvua inampiga mgongoni. Nikadhani amekufa. Nikapiga magoti. Macho yalikuwa wazi. Akasema polepole, "Umechelewa leo."

"Umeanguka lini?"

"Ulipotoka tu."

Asubuhi nzima! Na ukuta wa jirani uko pale pale, angepaza sauti wangemsikia. "Mbona hukuita mtu?"

"Waje wanione hivi?"

Nikamshika kwapani nikavuta. Nikavuta tena, miguu ikateleza, tukarudi chini wote. Nikasema nakwenda kumwita Pankrasi. Akanishika mkono, na ndipo nilipojua jinsi vidole vile vilivyokuwa vimelegea, vidole vilivyokuwa vikikunja misumari. "Mama Renatha, nakuomba. Usimwite mtu."

Sijui akili ile ilitoka wapi. Nililala. Nililala chali kwenye tope kando yake, kanga na kila kitu, tukawa tumetazamana kama tuko kitandani.

"Unafanya nini wewe mwanamke?"

"Nakufundisha. Kuna mahali panauma sana? Nyonga? Mguu unaweza kuukunja?"

Akakunja mmoja, akakunja wa pili. "Pananiuma, lakini si sana."

"Basi nifuate. Geuka ubavu. Hivi."

Nikageuka. Akanitazama, tope likinitiririka puani, na bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka toka alipolazwa. Tukacheka wote wawili mvua ikitunyeshea, mpaka nikamwambia acha, utaishiwa nguvu.

Akageuka ubavu. Kiwiko kilimkatalia, nikaweka kiganja changu chini yake kama kizuizi, akasukuma. Akapata magoti. Tukatambaa, mimi mbele yeye nyuma, mpaka kwenye jiwe la kufulia. Akalishika. "Mguu mmoja mbele. Unyayo wote. Sasa sukuma dunia chini." Mara ya kwanza alirudi. Ya pili alirudi. Nikamwacha apumue. Ya tatu nikashika mkanda wa suruali yake nikasema, "Haya!" Akapanda juu, akitetemeka mwili mzima, akasimama.

Sikumwinua mimi. Aliinuka mwenyewe.

Ndani, nimemwogesha maji ya moto, nimemfunika blanketi, ndipo akazungumza. Hii ni mara yake ya tatu kuanguka. Zile mbili za kwanza alijikokota hadi ukutani akaniambia alichafuka bustanini. Chai haimalizi ili asilazimike kwenda chooni mara kwa mara. Kiti haondoki kwa sababu anaogopa kitakachotokea akiondoka. Na Krismasi, Renatha aliposema habari ya kutugawana, alinyamaza kwa kuwa aliona mimi nimeanza kupata nguvu, akafikiri akiondoka nitapumzika.

Na mimi nilimwita mvivu. Miezi yote hii nilikuwa nimekaa na mtu mwenye hofu, nikamwona mvivu.

Alhamisi, 29 Januari

Oliva amekuja nyumbani. Amemkagua nyonga na mbavu. Michubuko tu. Amempima kama alivyonipima mimi. Kutoka kwenye kiti bila kushika: hapana. Akamwambia maneno yale yale: "Inarudi, babu." Akamkaripia habari ya chai.

Emiliani ameniomba mambo mawili. Nisimwambie Renatha bado. Na nisimtazame akifanya mazoezi.

La kwanza nimelikataa. Nimempigia Renatha simu jioni na kumweleza alivyoanguka, maana ni baba yake. Alilia. Kisha akasema, "Basi Pasaka hakuna mjadala, mama." La pili nimelikubali.

Jumatano, 4 Februari

Mlango wa chumba umefungwa. Nasikia kitanda kinalia, halafu pumzi, halafu kitanda tena. Kusimama na kukaa. Mimi niko jikoni nachambua maharage, moyo unanidunda kama niko kwenye mpira wa Majimaji.

Ijumaa, 6 Februari

Amekunywa chai yote. Akaomba na yai la pili.

Jumanne, 10 Februari

Leo nimesikia sauti nikasimama katikati ya uwanja na ndoo kichwani. Msumeno! Nilidhani ni kwa jirani. Kumbe ni kibandani kwake, kule ambako kuku walikuwa wameshahamia. Alikuwa anakata boriti ya mti wa mlingoti, anakata kidogo, anapumzika, anakata tena. Nimemwuliza anatengeneza nini. Aliendelea kukata.

Jioni nimeona: mihimili miwili imechimbiwa njiani kuelekea chooni, na mkono wa mbao wa kushikia, umepigwa randa mpaka umelainika. Amefanya kutwa nzima kazi ambayo zamani ingekuwa ya saa mbili, na ameikagua akiwa amekunja uso kana kwamba ni mlango wa kanisa.

"Nikishaacha kuushika," akasema, "nitaung'oa nitengeneze stuli."

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Tumekwenda kanisani wote wawili kwa miguu, yeye na fimbo yake, tukipumzika kwenye kila kivuli. Watu wamemsalimia kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Baada ya misa kulikuwa na ubishi. Pankrasi anataka kufunga Kwaresima yote, uji tu jioni, kama alivyofanya toka ujanani. Oliva hakuwa na la kusema juu ya mambo ya Kanisa, akampeleka kwa padre. Padre akamwambia wenye umri wetu hawadaiwi kufunga. "Basi nitoe nini, padre?" Padre akafikiri. "Acha kujisifu mpaka Pasaka." Tulicheka mpaka masista wakageuka.

Ijumaa, 27 Februari

Emiliani amekuja ukumbini! Hakuniambia. Tulikuwa tumeshaanza, mikono kifuani, mlango ukafunguka na yeye huyo, kofia mkononi, jasho usoni. Pankrasi akafungua kinywa kusema jambo, akakumbuka ahadi yake kwa padre, akakifunga. Akaenda tu, akachukua kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na changu. "Kaa hapa, kaka."

Nimemfikiria Pankrasi leo kutwa. Wakati wa kurudi aliniambia, bila mzaha hata kidogo, "Shemeji, mimi naja kule kwa sababu nyumbani hakuna wa kusalimiana naye." Mke wake alifariki mwaka juzi. Nilikuwa namwona domo kubwa tu.

Na Emiliani? Kwa mpira wa tyubu amenishinda. Mikono ya fundi haijasahau.

Jumatatu, 9 Machi

Nimejiharibia mwenyewe. Nilijiona nimekuwa kijana. Jumamosi gunia la mahindi mabichi lilikuwa linakwenda kwa shangazi wa mkwe wetu, nikasema nitalipakia mwenyewe, sisubiri mtu. Nikainama vibaya nikanyanyua kwa mgongo. Pa! Sasa nimelala, siwezi kugeuka. Oliva amekuja, amesema si mshipa wala mfupa, ni misuli imevutika. Nisilale tu, nitembee kidogo kidogo, lakini uzito basi kwanza.

Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Renatha akinikuta hivi itakuwaje?

Alhamisi, 12 Machi

Mvua haikatiki. Maji ya bomba yamekatika mtaani. Nimesikia toroli likilia nje, nikajikokota hadi dirishani. Emiliani anasukuma madumu kutoka kisimani kwa katekista. Anasimama, anapumua, anasukuma. Hana fimbo. Nilitaka kumwita asijiumize, nikajizuia. Nilikaa pale dirishani nikamtazama mpaka akafika.

Jioni amesonga ugali. Una madonge. Nimeumaliza wote.

Ijumaa, 20 Machi

Nimerudi ukumbini, taratibu. Oliva ameniweka nyuma kabisa pamoja na wageni, eti nijifunze tena kunyanyua: magoti yakunjwe, mzigo karibu na mwili. Nimemtii. Emiliani yuko mstari wa mbele. Anasimama bila kushika kiti. Anatetemeka kwenye nusu ya mwisho, uso unamjaa mishipa, lakini anasimama.

Jumatatu, 30 Machi

Mahindi yamekomaa shingo zimeinama. Mgongo umepona. Siku sita mpaka Pasaka tukihesabu na hii, na sitaki kuhesabu.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba mwaka huu tumeipanda kilimani. Kila kituo unapiga goti na kuinuka. Nilimwambia Emiliani abaki chini na wagonjwa. Alinitazama tu. Vituo vingine alipiga goti, vingine aliinamisha kichwa akiwa amesimama, na hakuna aliyemsaidia kuinuka. Pale Yesu anapoanguka mara ya tatu nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi, nikamsikia akisukuma ardhi, nikajua bila kugeuka kwamba amesimama. Nikalia. Watu walidhani ni kwa ajili ya mateso ya Bwana, na kwa kweli ilikuwa ni hilo pia.

Jumamosi, 4 Aprili

Renatha amefika! Mkono wangu unakimbia kuliko kalamu.

Mchana mvua kubwa ilishuka, ile ya kufunga macho. Tukasikia honi nje. Kabla sijaweka mwiko chini Emiliani alishavaa gambuti na koti la mvua, lile lenye kofia, akatoka. Nilikuwa mlangoni, niliona yote. Geti letu la mbao limevimba kwa maji, linaburuza chini. Akainama, akaingiza bega, akalinyanyua na kulivuta pembeni, kwanza bawa moja, kisha la pili. Gari likaingia, likasimama sambamba naye. Kioo kikashuka kidogo.

"Shikamoo mzee," akasema Renatha. "Asante sana. Baba na mama wapo?"

Alidhani tumeweka kibarua!

Emiliani akatulia pale mvua ikimtiririka usoni. Akasema, "Marahaba. Wapo. Karibu ndani."

Renatha akasogeza gari hatua mbili mbele. Likasimama ghafla. Mlango ukafunguka, na binti yangu, mtu mzima, mtu wa ofisi, akaruka kwenye matope na viatu vyake vya Dodoma akipiga kelele, "Dadi! Dadi!" Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita kwa Kingoni alipokuwa mdogo. Hajamwita hivyo toka alipoanza shule.

Akamkumbatia kwa nguvu hata nikaogopa atamwangusha. Hakuanguka.

Tulipokaa ndani, Renatha alikuwa bado anamshika baba yake mikono, anaigeuza, kama anatafuta alipomficha yule mzee wa Krismasi. Kisha akakumbuka alichokuja kufanya. Akaanza, "Lakini Calvin na mimi tumeshapanga..."

Emiliani akasimama. Mikono ilikuwa kifuani. Sidhani kama alijua kwamba ameikunja, ni mazoea tu.

"Renatha, mwanangu," akasema. "Nilianguka, na naweza kuanguka tena. Sikudanganyi. Dodoma kuna hospitali kubwa, na wewe ni mtoto mzuri, unastahili kulala usingizi. Lakini mimi kwa mama yako siondoki. Nikianguka, yeye anajua namna ya kuniamsha. Akianguka yeye, mimi najua. Siku tutakaposhindwa wote wawili, nitakupigia simu mwenyewe, nami nitakuja nilale popote, hata jikoni kwako, mradi tuwe wote. Nimemaliza."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja, hata siku ya harusi yetu.

Renatha alimshika tena baba yake mikono. Akamuuliza, "Kila siku mtapiga simu?"

"Kila siku."

"Na huyo Oliva, mnipe namba yake."

"Utapewa," nikasema mimi. "Sasa acheni niangalie sufuria, wali unaungua." Haukuwa unaungua. Nilitaka kwenda kumshukuru Mungu peke yangu, jikoni.

Jumatatu, 6 Aprili

Renatha ameondoka alfajiri. Amezungumza na Calvin kwa simu, wakabishana, akamshinda. Tumekunywa chai, vikombe viwili kila mtu.

Jumatano, 8 Aprili

Ukumbi umejaa! Habari za geti zimezunguka mtaa mzima. Pankrasi Kwaresima yake imekwisha na anasimulia kana kwamba yeye ndiye aliyelinyanyua. Wamekuja watu wapya saba kutoka mitaa ya jirani. Mmoja, mama mnene kidogo aliyevaa kitenge cha buluu, alisimama mlangoni na mjukuu wake akimshika, hataki kuingia. Nikamfuata.

"Mimi siwezi, dada," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nikikaa ndiyo nimekaa."

Nikajiona mimi katikati ya shamba. Nikamshika mkono, nikamkalisha kiti cha mbele.

Oliva alikuwa anajaza mchanga kwenye chupa za wageni, mikono imejaa. Akanipa ishara kwa kidevu. "Bibi Skola, anza nao wewe."

Mimi? Nikatazama nyuma kama kuna Skola mwingine. Emiliani alikuwa ananitazama kutoka mstari wa pili, na tabasamu ambalo alikuwa nalo wakati ananiposa. Nikaenda mbele. Watu wote wale, vichwa vyeupe vyote vile, walikuwa wananisubiri mimi.

"Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo," nikasema. "Nyayo zote chini. Mikono kifuani. Msiogope, kiti kiko nyuma yenu, hakiendi popote. Haya, simameni."

Yule mama wa kitenge cha buluu akafumba macho, akakaza midomo, akaegemea mbele. Akarudi. Akaegemea tena.

Akasimama.